Asali ya Kuwaachia Nyuki Kabla ya Jilaal

Katika nchi za Ulaya mfuga nyuki huogopa baridi. Ifikapo mwezi wa Septemba huiendea mizinga yake, akaipima uzito mmoja mmoja, akahakikisha kwamba kila mzinga una akiba ya kuwafikisha nyuki mpaka maua yachanue tena. Katika Uingereza hesabu inayotajwa mara nyingi ni kiasi cha kilo 18 za asali kwa mzinga mmoja. Nyuki wa huko hujikusanya pamoja kama mpira, wakatiana joto, wakala akiba yao polepole, na siku za baridi kali hawatoki kabisa.

Sisi wa Garissa, Wajir na Mandera hatuna theluji. Lakini tunao wakati wetu wa njaa, nao ni Jilaal, yaani kiangazi kirefu kinachofuata mvua za Deyr. Huanza kwa kawaida mwezi wa Januari na kuendelea mpaka mvua za Gu zitakapofika, mwezi wa Machi mwishoni au Aprili. Katika miezi hiyo jua la Garissa hupanda mpaka digrii 36 na zaidi, majani hukauka, na ua huwa kitu cha kutafutwa mbali. Kwa nyuki, Jilaal ndiyo baridi ya Ulaya. Tofauti ni kwamba Mzungu amejifunza kuwawekea nyuki wake akiba, na wengi wetu bado.

Si kwamba hatujui maana ya akiba. Desturi ya wafugaji wengi wa ngamia katika nchi hii ni kukamua chuchu mbili na kumwachia ndama chuchu mbili. Hakuna anayewasifu kwa jambo hilo, maana kila mtu ajua kwamba ndama akifa na maziwa hukauka. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akiisha kufunga mizinga minne au mitano mtoni, huiendea mwisho wa Desemba akakata kila sega lililo na asali, akauza, na mwezi wa Machi akarudi akakuta mizinga haina hata nyuki mmoja. Hapo husema, "Nyuki hawana shukrani." Makala haya yanataka kuonyesha kwamba nyuki walitenda kwa akili, na kwamba twaweza kuwazuia wasihame kwa njia zisizo ngumu.

NYUKI WA NCHI HII SI NYUKI WA ULAYA

Nyuki wetu, ambao Wasomali huwaita shinni, ni wa jamii moja na nyuki wa Ulaya, ila kabila lao ni jingine, na tabia zao ni nyingine. Nyuki wa Ulaya wakiishiwa na asali hubaki mzingani wakafa, kwa kuwa wakitoka baridi itawaua. Nyuki wa Afrika hawangoji kufa. Wakiona chakula kinapungua na maua hayapo, huondoka wote pamoja na malkia wao wakaenda kutafuta nchi nyingine.

Jambo hili lisitushangaze. Katika nchi yetu mvua hunyesha mahali hapa na kupapita mahali pale. Mvua ya mwaka mzima karibu na mji wa Garissa ni milimita 300 hadi 400 tu, nayo haina mpango. Katika nchi ya namna hii kiumbe kinachohama huishi kuliko kinachokaa, na watu wa ngamia hawahitaji kufundishwa hayo. Nyuki nao ni wahamaji.

Basi swali la mfuga nyuki wa Ulaya ni hili: Je, nyuki wangu watapona? Swali letu sisi ni jingine: Je, nyuki wangu wataona sababu ya kukaa? Mzinga wetu waweza kuwa na asali ya kuwalisha majuma kadhaa, na bado wakahama, kwa sababu wameona mapema kwamba haitawafikisha kwenye mvua. Ndiyo maana akiba ya kwetu ni budi iwe ya kuonekana, tangu siku za mwanzo za kiangazi.

MZINGA MTUPU UNASEMA

Mtu akikuta mzinga wake umehamwa, asiupige teke akaenda zake. Aufungue, atazame ndani kwa makini, kwa maana mzinga mtupu una ushahidi. Wataalamu waliochunguza nyuki wa Afrika wameonyesha kwamba kuhama ni kwa namna mbili, na kila namna huacha alama zake.

Namna ya kwanza ni kuhama kwa njaa. Huku hufanywa kwa mashauri. Malkia hupunguza kutaga, kisha huacha. Majana yaliyokwisha kuwamo masegani huachwa yakue, nayo huchukua siku 20 hivi tangu yai hata nyuki mzima. Huku nyuki wakingoja, hula asali iliyobaki. Siku ya safari ikifika hujaza matumbo, wakaondoka. Ukifungua mzinga wa namna hiyo utakuta masega makavu, safi, hayana majana wala asali. Huo ni mzinga uliohamwa kwa sababu ya tumbo, na mara nyingi mwenye kosa ni mrinaji aliyechukua mno.

Namna ya pili ni kuhama kwa udhia. Nyuki wameshambuliwa na siafu, au nyegere ameutikisa mzinga, au jua limewachoma, au mtu amerina vibaya akavunja masega na kumwaga asali. Hapo nyuki hawana nafasi ya kufanya mashauri. Huondoka wakaacha majana yaliyo hai na pengine asali pia. Ukikuta majana yamekufa ndani ya masega, ujue kwamba njaa siyo iliyowafukuza, na kuwaachia asali zaidi hakutasaidia kitu mpaka umemwondoa adui huyo.

Tofauti hii ni kubwa, kwa kuwa watu wengi hutibu ugonjwa usiokuwapo. Mmoja huhamisha mizinga yake kwenda upande mwingine wa mto, kumbe alikuwa akiwalaza nyuki na njaa. Mwingine huwaachia asali tele, kumbe siafu wanapanda kila usiku.

Kuna pia alama za kuonya kabla nyuki hawajaondoka. Keti kando ya mzinga asubuhi, mbali kidogo na mlango, uangalie wanaoingia. Nyuki wenye watoto huleta chavua, ule unga wa maua wanaoubeba miguuni kama vifurushi vya rangi ya manjano. Chavua ndiyo chakula cha majana. Ukiona siku nyingi zinapita wala hakuna kifurushi hata kimoja kinachoingia, yaelekea malkia anaacha kutaga. Ukiufungua mzinga ukakuta hakuna mayai wala majana machanga, una muda wa majuma mawili au matatu hivi wa kufanya jambo. Baada ya hapo utakuwa unafuga hewa.

TUACHE KIASI GANI?

Hili ndilo swali la watu wote, nalo halina jibu moja kwa mizinga yote. Mzinga ulio ukingoni mwa mto Tana, karibu na mashamba ya maembe na ndizi, si sawa na mzinga ulio kichakani mwa Lagdera au Wajir. Lakini twaweza kutoa kanuni ya kuanzia, kisha kila mtu aisahihishe kwa mzinga wake mwenyewe.

Tuseme kwanza juu ya mzinga wa fito, ule uliotengenezwa katika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuenea katika nchi nyingi za dunia kwa jina la nchi yetu. Mzinga huo una fito zilizopangwa juu yake, kila moja ikiwa na upana wa milimita 32, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila fito. Faida yake ni kwamba waweza kuinua sega moja moja, ukatazama, ukarudisha. Majana hukaa karibu na mlango, na asali hukaa mbali na mlango. Sega lililojaa asali vizuri huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu hivi.

Kanuni yetu ya kuanzia ni hii. Mwisho wa Deyr, hesabu masega yaliyojaa asali. Chukua nusu, acha nusu. Wala yale unayoyaacha yasipungue sita. Kama masega yote ya asali ni sita au chini ya hapo, funga mzinga uende zako. Mwaka huo hakuna kurina mpaka Gu ipite. Neno hili ni gumu kwa mtu mwenye haja ya fedha, lakini ni afadhali kulisikia Desemba kuliko kulijua Machi.

Mwenye mzinga wa gogo hana fito za kuhesabu. Yeye na arine upande wa nyuma tu, ulio mbali na mlango, na akome anapokutana na sega lenye majana au chavua. Kisha aache masega ya asali yanayopakana na majana, kadiri ya shibiri moja na nusu ya urefu wa gogo. Asifungue pande zote mbili kwa kurina siku moja.

Baada ya mwaka wa kwanza, mwenye akili hatabaki na kanuni ya watu wote, bali atajipatia hesabu yake. Njia ni kupima uzito. Mizani ya kuning'iniza, kama ile itumiwayo na wachinjaji, yatosha. Mizinga yetu mingi huning'inia kwa waya huku na huku. Pachika mizani kati ya waya na mzinga upande mmoja, usome, kisha upande wa pili, usome, jumlisha. Fanya hivyo jioni, mwanzo wa kila mwezi, ukaandike katika daftari.

Tuchukue mfano. Mzinga una kilo 26 mwanzo wa Januari, kilo 24 mwanzo wa Februari, na kilo 22 mwanzo wa Machi. Basi mzinga huo hupungua kilo 2 kila mwezi. Jilaal ya miezi mitatu itakula kilo 6. Lakini mvua za Gu zaweza kuchelewa, basi ongeza mwezi mmoja wa tahadhari, jumla kilo 8. Kwa masega ya kilo moja hadi moja na nusu, hayo ni masega sita hadi manane. Mwaka ujao mwenye mzinga huo atajua la kuacha bila kuuliza mtu. Nasi twakumbuka kwamba tahadhari ya mwezi mmoja si nyingi: tangu Oktoba 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Ukame wa namna hiyo hakuna akiba ya mzinga iwezayo kuushinda. Ila ule wa kawaida, unaokuja kila mwaka, waweza kushindwa.

Wako watakaosema, "Asali ya Desemba ndiyo karo ya shule ya Januari. Nitawezaje kuiacha mzingani?" Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni hesabu. Tuseme mzinga una masega 12 ya asali. Mtu wa kwanza anakata yote 12 na kupata fedha mara moja. Nyuki wanahama. Mzinga wake unakaa mtupu, nondo wa nta wanakula masega, na ikiwa bumba jipya litaingia wakati wa mvua, litaanza kujenga upya. Nao ujenzi huo ni wa gharama kubwa, kwa maana nyuki hula kilo sita hadi nane za asali ili kutoa kilo moja ya nta. Huenda mavuno yake ya pili yakawa mwaka ujao, au yasiwe kabisa. Mtu wa pili anakata masega sita. Nyuki wanakaa. Gu ikinyesha, wako tayari na masega yao na jeshi lao, nao wanaanza kukusanya siku ya kwanza ya maua, na mwezi wa Juni mtu huyo anarina tena. Wa kwanza amepata 12 mara moja. Wa pili amepata sita, na njia ya kupata nyingine iko wazi. Wahenga walisema: mchovya asali hachovyi mara moja. Basi mtu na achovye kwa namna ambayo itamwezesha kuchovya tena.

WAKATI WA KURINA NA NAMNA YAKE

Asali iliyoiva hufunikwa na nyuki kwa nta nyembamba. Sega lisilofunikwa lina maji mengi. Ukilirina, asali yake itachacha, na mnunuzi hatarudi. Chukua masega yaliyofunikwa yote au karibu yote. Yale ambayo hayajafunikwa ni akiba ya nyuki.

Rina jioni jua linapotua, au usiku wa mapema. Mchana wa joto masega huwa laini na kukatika, asali ikamwagika, na nyuki wa mizinga mingine wakaja kuiba. Katika wakati wa njaa wizi huo waweza kuua bumba dhaifu kwa siku moja. Tumia moshi wa samadi kavu ya ng'ombe au wa magome makavu, na kidogo tu. Mpira wa gari na mafuta ya taa ni haramu katika kazi hii: huharibu asali kwa harufu, na huwafukuza nyuki. Wala usitumie moto wa mwenge, kwa kuwa aliyechoma nyuki wa zamu ya leo hana wa kuchuma kesho.

Usikate kamwe sega lenye majana. Wako wanaoyala, na wako wanaoyakamua pamoja na asali ili kuongeza uzito. Wote wawili wanakula jeshi la mwezi ujao. Nyuki mtumishi wakati wa kazi huishi majuma sita hivi, na asipopata wa kumrithi, mzinga hufa kwa uzee.

Ukiisha kurina, ondoa masega makuukuu matupu yasiyo na kazi, uyayeyushe upate nta. Bumba likipungua wakati wa kiangazi haliwezi kulinda nyumba kubwa, na nondo wa nta hupenda pembe zisizo na walinzi. Punguza na mlango pia, ubaki mwembamba wa kupita nyuki wachache.

MAJI NA KIVULI

Mtu aweza kuacha masega kumi na bado akahamwa, kwa sababu alisahau maji. Nyuki huyaweka majana yao katika joto la digrii 34 hadi 35. Nje kukiwa na digrii 38, hapana budi wapoze nyumba, nao huleta maji, wakayapaka ndani kama matone, na kupepea kwa mabawa. Bumba kubwa katika joto kali laweza kutumia lita moja ya maji au zaidi kwa siku. Kila nyuki aendaye mtoni kuteka maji hula asali ya safari yake. Basi maji yakiwa mbali, akiba hupungua haraka.

Watu wa visimani Wajir wanajua upande mwingine wa jambo hili. Wakati wa kiangazi nyuki huja kwa maelfu kwenye mabirika ya kunyweshea mifugo, wakawauma watoto na wanyama. Njia iliyo bora ni kuwapa nyuki kisima chao. Weka karai au birika dogo hatua chache kutoka mizinga yako, utie mawe na vijiti ili wasizame, na ulijaze kila siku kabla hawajazoea mahali pengine. Ukianza Desemba, watashika njia hiyo. Ukianza Machi, wamekwisha kuzoea kisima cha watu.

Kivuli nacho ni akiba. Tundika mzinga chini ya mti wenye majani wakati wa kiangazi, au uujengee paa la makuti ya mkoma. Mlango usielekee jua la alasiri. Waya upakwe grisi ili siafu wasipite. Na ikiwa mzinga uko juu ya vigingi, kila kigingi kisimamishwe katika kopo la mafuta machafu ya gari. Mzinga uning'inie juu vya kutosha hata nyegere asiufikie, wala pasiwe na tawi karibu la kumsaidia.

HABARI YA SUKARI

Mwenye mizinga akiona katikati ya Februari kwamba asali imekwisha, aweza kuwaokoa nyuki kwa maji ya sukari. Achemshe maji, ayaepue, atie sukari nyeupe kwa kipimo sawasawa, kikombe kwa kikombe, akoroge mpaka iyeyuke, aache ipoe. Aweke ndani ya mzinga katika chombo kipana chenye vijiti, wakati wa jioni, wala asimwage nje, maana harufu itawaita wezi. Sukari guru haifai, huwaharisha nyuki. Asali ya kununua kutoka kwa watu pia isitumike, kwa kuwa yaweza kuleta magonjwa ya mizinga mingine.

Lakini sukari ni kama pampu ya kijiji: ni ya wakati wa shida. Haina chavua, na nyuki hawawezi kulea watoto kwa sukari peke yake. Tena asiwape sukari wakati maua yapo, kwa kuwa wataiweka masegani, naye atauza sukari kwa jina la asali. Mnunuzi akigundua, jina la asali ya Garissa nzima litapotea. Kwa gharama ya sukari ya siku hizi, sega lililoachwa Desemba ni rahisi kuliko mfuko ulionunuliwa Februari.

GHALA KUU NI MITI

Akiba ya mzingani ni ghala dogo. Ghala kuu ni miti. Mbochi, yaani maji matamu ya maua, hutoka zaidi katika migunga ya namna nyingi iliyo katika nchi yetu. Mmojawapo, kikwata, wataalamu wameupa jina la Kilatini lenye maana ya mleta asali, nao mara nyingi huchanua mwisho wa kiangazi kabla majani hayajatoka. Kwa hiyo mti huo ndio unaowapokea nyuki waliovuka Jilaal. Mtu akatapo kikwata kwa makaa, anavunja daraja ambalo nyuki wake walikuwa wakikaribia kulivuka.

Uko pia mti wenye sifa mbaya, mathenge, ulioletwa sehemu za Tana katika miaka ya 1980 karibu na Bura na Hola, ukaenea mpaka ukawa adui wa malisho na mashamba. Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008. Hatuwaambii watu waupande. Lakini mahali ulipokwisha kuota, mizizi yake hufika maji ya chini, nao huchanua hata wakati miti mingine imelala. Mwenye mizinga karibu na mathenge na ajue kwamba ana msaada wa kiangazi, na aupogoe badala ya kuuacha uwe kichaka, ili upate kuchanua vizuri na usizibe njia.

Wazee wa nchi hizi walijua kitu juu ya kuacha sehemu. Waaweer wa msitu wa Boni, katika pande za Ijara na Lamu, ni warina asali tangu zamani. Waborana wa kaskazini humfuata ndege aitwaye mlembe, ambaye huwaita watu na kuwaongoza mpaka kwenye nyuki. Mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake H.-U. Reyer, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hilo mwaka 1989. Waliona kwamba katika nchi wasiyoizoea, warinaji wasio na ndege walitumia kwa wastani karibu saa 9 kuupata mzinga mmoja wa porini, na walioongozwa na ndege walitumia saa 3 na kidogo. Ni desturi ya warina asali wengi kumwachia ndege huyo kipande cha sega kama ujira wake. Ikiwa aliyeonyesha njia anastahili fungu, je, yule aliyeitengeneza asali yenyewe?

Basi, ndugu msomaji, kabla hujapanda na kisu mwisho wa Deyr, fanya mambo haya kwa mfululizo. Tazama chavua mlangoni. Hesabu masega. Acha nusu, yasipungue sita. Punguza mlango, weka maji, angalia kivuli na siafu. Andika uzito katika daftari. Mwenye shaka na amwulize Bwana Nyuki au Bwana Mifugo wa kaunti yake, au apeleke swali lake kwenye Chuo cha Taifa cha Ufugaji Nyuki kilichoko Lenana, Nairobi. Mvua za Gu zitakaponyesha, wenye mizinga mitupu watakuwa wakitazama angani wakingoja mabumba ya wengine yapite. Na pengine bumba litakalopita litakuwa limetoka kwa jirani aliyekata masega yote.